Siku Kiranja Alipoganda

Jumatatu, 3 Machi

Saa nne, mapumziko. Nimekaa juu ya kapu la mashuka machafu hapa kazini, dobi, daftari gotini. Mikono inanuka sabuni.

Leo zamu mpya imeanza. Naingia saa moja kamili. Maana yake saa kumi na mbili na nusu mimi niko nje ya mlango, na watoto wangu wawili wako ndani, peke yao, mpaka saa moja na dakika kumi watoke kwenda shule. Dakika arobaini! Nyumba inaweza kuungua mara mbili kwa dakika arobaini.

Kiranja ana miaka tisa. Si jina lake, ila siku hizi hata mwalimu wake anamwita hivyo. Anajiamsha, anajivalisha, anakagua mikoba, anajua gesi inavyofungwa. Kupe ana sita na kamba za viatu bado zinamshinda. Au hataki, sijui. Popote alipo dada yake naye yupo, kashika pindo la sketi. Mwenyewe ana mitatu. Neno lake la kwanza lilikuwa mama, la pili mwenyewe. Nimimine mwenyewe! Nivae mwenyewe! Nishuke ngazi mwenyewe! Huyo namwacha chini kwa Fundi, jirani yetu anayeshona nguo nyumbani kwake. Watoto wanamwita Shangazi Sindano.

Nilipotoka nimemwambia Kiranja: barabarani, mkono wa mdogo wako usiuachie. Kanijibu bila kugeuka, "Mama, ulishasema jana. Na juzi." Nasema tena, nikamwambia. "Haya. Nenda bwana, utachelewa."

Bwana! Miaka tisa!

Njia nzima roho juu. Kuna ile barabara kubwa moja tu kati ya nyumbani na shule. Moja inatosha.

Saa tisa mchana — nimempigia Fundi. Wamerudi wote wawili, wazima, wanakula mkate. Nimeketi chini kidogo. Msimamizi kauliza kama naumwa.


Jumanne, 4 Machi

Nilikuwa naoga. Dakika tano. Kutoka, mlango uko wazi na ndoo imegeuzwa juu chini mbele yake. Mwenyewe kapanda ndoo, kavuta komeo, kaondoka zake.

Nimeshuka ngazi na taulo. Sijui nani kaniona na sitaki kujua. Nimemkuta ghorofa ya kwanza, kakaa kwenye ngazi, anavaa viatu. Kulia kushoto, kushoto kulia. "Naenda kazini," kasema.

Nimemchapa kofi la mkononi kisha nimemkumbatia mpaka kalalamika.

Baba watoto kapiga simu jioni, yuko njiani na lori lake, wiki nne bado. Nimemsimulia akacheka mpaka akakohoa. Huyo kanifuata mimi, kasema. Mimi sikucheka. Komeo nimelipandisha juu kabisa, hata Kiranja halifikii bila kiti. Halafu nikawaza: na moto ukitokea asubuhi nikiwa sipo? Nikalishusha. Nikalipandisha nusu.


Alhamisi, 6 Machi

Kiranja kamwaga maziwa. Si kumwaga kwa kuteleza. Alikuwa anammiminia Kupe, kikombe kikajaa, akaendelea kumimina. Meza, sakafu, soksi za Kupe. Nikapiga kelele: akili yako iko wapi? Kanitazama kama mtu niliyemwamsha. Kasema samahani, kachukua kitambaa.

Kupe hakulalamika hata kidogo, na soksi zake zimelowa. Ajabu, huyo analia hata mkate ukikatwa vibaya.

Atakuwa amechoka. Nimemtwika mengi.


Ijumaa, 7 Machi

Barua ya mwalimu. Kiranja haangalii ubaoni, anaota mchana. Juzi alisimamishwa kusoma kwa sauti, akakatika katikati ya sentensi, darasa likacheka, kisha akaendelea na mstari mwingine kabisa. Hesabu zimeshuka. Mwalimu anauliza kama nyumbani kuna tatizo.

Kuna tatizo! Tatizo ni kwamba kazi imeniweka mbali nao!

Nimemkalisha. Nimesema nakutegemea wewe, ukianza ujinga na wewe tutafika wapi? Macho chini. "Sioti, mama. Maneno yanaruka tu." Yanaruka yanaenda wapi? "Sijui."

Nimemwambia huo ni ujeuri. Kupe alikuwa nyuma ya mlango, nimeona vidole vyake.


Jumapili, 9 Machi

Siku yangu ya kupumzika, basi nikaamua kumfundisha Kupe kuishi. Kwanza kamba za viatu. Sungura huyu sikio moja, sikio la pili, mzungushe. Katika mara kumi na moja kapata mara moja, tukashangilia, Mwenyewe akaja akaifungua.

Halafu nikampa kifuko cha takataka. Shuka, tupa pipani, panda. Namuona dirishani muda wote. Hataki. Nikambembeleza, hataki. Nikapandisha sauti.

"Dada atabaki na nani?"

Atabaki na mimi! Mimi si mtu?

Kafikiri kabisa, kama anapima. "Basi uwe unamwangalia," kasema.

Bado hakwenda. Kaenda Kiranja, yeye kapanda kwenye kochi kumtazama dirishani mpaka karudi. Nimemwambia Fundi, mwanangu huyu ataoa na dada yake kwenye mkoba. Tumecheka. Ila moyoni najiuliza nimemkosea wapi. Mtoto wa miaka sita anayeogopa hata pipa.


Jumatano, 12 Machi

Naandika ili nitulie.

Boila imeharibika saa sita. Bila mvuke hakuna pasi, bila pasi hakuna kazi, msimamizi katuruhusu tuondoke. Nikafurahi! Nikasema nitawafanyia watoto mshangao, nitawapokea njiani. Nimenunua hata machungwa.

Nimefika kwenye barabara kubwa saa nane na nusu na kitu. Upande wa pili nikawaona wanakuja, Kiranja mbele na mkoba wake, Kupe kamshika mkono. Kabla sijapunga, wakaingia barabarani. Kwenye mistari myeupe, sawasawa, baada ya kutazama kulia na kushoto. Nikaona fahari. Kweli, kwa sekunde moja nikaona fahari.

Katikati Kiranja akasimama.

Sikuelewa. Nikadhani kaangusha kitu. Amesimama tu, mikono imelegea, uso umeelekea mbele, kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Gari dogo jeupe likatokea kwenye kona. Kupe akamvuta. Akamvuta kwa mikono miwili, akajirudisha nyuma kwa uzito wake wote, huku anapiga kelele — si "Mama", si "Dada" — anapiga kelele "TEMBEA! TEMBEA!" Na gari linapiga honi, na mimi machungwa yamemwagika, nakimbia, na miguu ni ya mtu mwingine.

Lilisimama. Nimeweza kushika boneti, ilikuwa ya moto. Dereva kafungua dirisha akatukana, ukoo mzima akautaja. Sikumjibu. Nimewashika wote wawili nikawaburuta mpaka ukingoni.

Kiranja ananitazama. "Mama? Umetoka wapi?"

Nimetoka wapi! Nikamtingisha mabega. Ulikuwa unafanya nini pale? Unataka kufa? "Pale wapi?" kasema. Alikuwa haigizi. Midomo yake ilianza kutetemeka kwa sababu aliona uso wangu, si kwa sababu ya gari. Gari hakuliona kabisa.

Kupe ndiye aliyesema. Analia, kamasi, kila kitu. "Ameganda. Huwa anaganda."

Kiranja kamgeukia: "Uliahidi!"

Tumekaa ukingoni pale pale, kwenye vumbi. Kidogo kidogo nimeyatoa. Tangu likizo. Anaganda kwenye ngazi, anaganda akipiga mswaki, aliganda akimimina maziwa. Muda mfupi, kisha anarudi na anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mwanzo Kupe alidhani ni mchezo. Kisha Kiranja akamwambia asimwambie mtu, kwa sababu mama akijua ataacha kazi, na baba ataacha safari, na yeye hatakuwa kiranja tena.

Nikamuuliza Kupe, ndiyo maana unamshika kila siku? Kasema ndiyo. Anatembea upande wa magari. Mimi nilimwona anatembea upande wa magari! Nilimgombeza kwa hilo Jumapili tukitoka sokoni, nikamwambia wewe mdogo pita ndani!

"Mimi siogopi gari," kasema. "Naogopa Dada akiganda."

Miezi mitatu nasema mtoto huyu anamganda dada yake. Miezi mitatu.

Wote watatu wako sebuleni sasa, Mwenyewe anakula chungwa lililopasuka. Nimekaa mahali ninapowaona. Sijavua viatu.


Alhamisi, 13 Machi

Sikwenda kazini. Nimempigia msimamizi, kasema siku moja tu, mama, usizoee.

Kliniki. Foleni mpaka saa tano. Daktari ni binti mdogo, nimemtilia shaka hadi alipoanza kuuliza. Hakuniuliza mimi, kamuuliza Kupe. Anaganda vipi? Nionyeshe. Kupe kasimama katikati ya chumba, kalegeza mikono, kaangalia ukuta, kope zinacheza kidogo. Kafanya vizuri mno. Nywele zilinisimama. Kiranja alimtazama mdogo wake akauliza polepole, "Niko hivyo?"

Daktari kachana karatasi nyembamba, kamshikisha Kiranja mbele ya mdomo. Puliza karatasi irukeruke, usiache, kama unapuliza puto. Kapuliza. Dakika moja. Ya pili. Mimi nikawaza, huyu binti anacheza na sisi. Karatasi ikaacha kuruka.

Akaganda. Mbele yangu, hatua moja. Nikamwita jina lake kabisa, lile la cheti. Hakuna. Macho yako wazi na hayupo. Daktari kaweka mkono wake juu ya wangu, "Ngoja, mama, anarudi." Akarudi. Akaendelea kupuliza.

Kisha neno. Kifafa.

Nimebisha. Haanguki! Hatoki povu! Hajajikojolea! Daktari kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kasema, kaa kwanza. Nilikuwa nimesimama, sikujua. Kasema kuna aina nyingi, hii ni ya kuganda, huwapata watoto wenye akili zao timamu, na hakuna aliyemloga wala aliyemwambukiza. Anahitaji kipimo cha umeme wa ubongo, hospitali kubwa, tarehe ishirini na sita. Ndipo dawa. Mpaka hapo asivuke barabara peke yake, asipike, asioge kwa kufunga mlango, asiingie kwenye maji yenye kina bila mtu mzima.

Nikamwambia, basi nitamweka ndani.

"Hapana," kasema. "Msimfungie. Ukimfungia utamtibu ugonjwa mmoja na kumpa mwingine."

Rahisi kusema. Yeye ana watoto?

Nyumbani nimemwomba Kiranja radhi kwa yale maziwa, na kwa ile barua. Kasema si kitu. Nilitaka akasirike.


Jumamosi, 15 Machi

Nimemwambia Baba watoto. Sikuweza kabla, alikuwa milimani, mtandao hakuna. Nasikia injini tu. Kisha kasema, "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Nikasema hata kwetu haupo, kwa hiyo tumemwokota wapi? Tukarushiana maneno mabaya. Kisha injini ikazimika. Kaegesha pembeni. Nimemsikia anavyopumua. Miaka kumi na mbili ya ndoa, sijawahi kumsikia anapumua hivyo. "Ameumia?" kauliza. Hapana. "Kupe alimvuta peke yake?" Ndiyo. "Kale kadogo?"

Anakuja Jumapili ya wiki ijayo, atabadilishana safari na mwenzake.

Na leo vita. Kiranja kaenda kuoga, kafunga mlango. Nimegonga. Kasema naoga. Fungua. "Mama, navua nguo!" Nimegonga mpaka Mwenyewe naye akaja kugonga, anapenda kelele. Kafungua, kajifunga taulo mpaka shingoni, machozi yamejaa. "Mwenyewe ana miaka mitatu anaruhusiwa kuoga mwenyewe, mimi nina tisa naangaliwa!"

Mwenyewe haruhusiwi, nikamwambia. Anajiruhusu.

Hakucheka. Tumekubaliana mlango usifungwe, nami nikae nje nimpe mgongo, yeye azungumze au aimbe muda wote. Kaimba wimbo wa shule kwa hasira, beti zote. Kila akivuta pumzi mimi nilikuwa nageuka.


Jumanne, 18 Machi

Fundi anawapeleka na kuwarudisha shule, na Mwenyewe mgongoni. Mtu wa watu. Kasema cherehani haikimbii. Mimi kazini nimeunguza foronya mbili, nimeweka pasi nikasahau kunyanyua. Msimamizi kanihamishia kukunja.

Jioni nilikuwa namkodolea Kiranja macho. Ndivyo ninavyofanya siku hizi, sifanyi kingine. Akitembea natembea. Akinyamaza nasema jina lake. Kanijibu "nipo" mara ngapi leo? "Nipo, mama. Nipo. Nimesema nipo!"

Na katika kumtazama yeye — Mwenyewe kapotea.

Komeo la nusu. Kiti. Mlango wazi.

Ngazini hayupo. Uani hayupo. Pipani, nyuma ya matangi, chini ya magari, hayupo. Nimepiga kelele mpaka majirani wametoka. Fundi katoka na mkasi mkononi, hajamuona. Dakika kumi. Dakika kumi na tano. Nimeangalia upande wa barabara kubwa, sikuweza kwenda huko na sikuweza kutokwenda.

Kiranja kanishika mkono. "Mama, subiri. Kavaa viatu?" Nimesema sijui! Karudi juu, kashuka. "Viatu vyake vipo. Hajaenda mbali. Akienda mbali anavaa." Kaingia kwa Fundi moja kwa moja, kainama chini ya meza ya kukatia, kafunua vipande vya vitambaa. Mwenyewe yuko chini yake, kalala fofofo, kidole mdomoni. Kaingia Fundi alipotoka kuanua nguo.

Wote wamemsifu Kiranja. Macho ni mawili, watoto watatu, na huyu ninayemlinda ndiye aliyekuwa analinda.


Ijumaa, 21 Machi

Nimezungumza na mwalimu. Kasikitika, kaomba radhi kwa ile barua. Atamkalisha mbele, na akiganda hatamwita kwa kelele, atamwonyesha mstari.

Watoto wenzake wameshampa jina: Sanamu. Kiranja kanieleza kwa uso mkavu. Kuna mmoja alimpungia mkono mbele ya macho akisema sanamu, sanamu. Kumbe hakuwa ameganda, alikuwa anafikiri. Kamng'ata kidole.

Nimemwambia si vizuri kung'ata. Kisha nikaenda jikoni nikacheka kwenye kitambaa cha vyombo. Kisha kicheko kikawa kilio.


Jumapili, 23 Machi

Baba watoto yupo. Nilidhani nitapumua. Ni mbaya kuliko mimi! Anamkatia mkate, anamshika ngazini, kamfuata mpaka mlango wa choo anauliza, "Upo?" Kiranja kajibu, "Baba, mtu yuko chooni, atakuwa wapi?"

Mchana nimemkuta uani na Kupe, wamechuchumaa wawili. Anamuuliza taratibu, ilikuwaje, ulimshika wapi, ulivuta vipi. Kupe anaeleza kwa mikono. Kisha Baba watoto kampa mkono, kama wanavyopeana wanaume. Kupe hakujua afanye nini na mkono ule, akaushika pembeni kama anavyoshika pindo la sketi.

Kesho alfajiri anaondoka. Kaniambia, acha kazi. Nikamwambia, acha lori. Wote tunajua hakuna atakayeacha.


Jumatano, 26 Machi

Kipimo. Nyaya ishirini na kitu kichwani, zimebandikwa kwa gundi nyeupe. Kiranja kajiangalia kwenye kioo cha simu yangu, "Nimesukwa rasta za umeme." Mtaalamu wa kipimo kacheka. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya mikono yangu.

Mistari kwenye skrini inakwenda midogomidogo kama mwandiko. Wakamwambia apulize. Kisha mistari yote kwa pamoja ikapanda, ikashuka, ikapanda — milima, milima, milima — na mwanangu hayupo. Kisha mwandiko mdogo tena. Nimeona kwa macho yangu mahali anapokwenda. Afadhali nisingeona. Au afadhali nimeona, sijui.

Tumerudi kliniki na majibu, daktari yule binti kathibitisha. Dawa asubuhi na jioni, bila kuruka. Itachukua wiki kadhaa kujua kama inamfaa. Wengi huja kupona wakikua.

Nikauliza, na wangu yumo kwenye hao wengi?

Angeweza kunidanganya. Kasema, "Sijui, mama. Tutamfuatilia."

Kiranja kauliza swali moja tu. Naweza kufanya nini peke yangu? Daktari kasema, vitu vingi. Tafuta kimoja kisicho na barabara, maji wala moto, kianze wiki hii. Kaniangalia mimi aliposema.


Jumamosi, 29 Machi

Saa nne asubuhi, nimebadilishana siku ya mapumziko na mwenzangu. Siku ya tatu ya dawa. Jana kaganda mara mbili ninazojua.

Amechagua kwenda dukani.

Duka la hapa uani, lile dirisha la chuma chini ya jengo la pili. Hakuna barabara. Hakuna maji. Nimezikagua hatua zote kwa miguu yangu mapema, hatua sitini na nne, kuna tundu moja nimeliziba kwa jiwe. Anunue mkate na viberiti. Nimesema viberiti acha. Kasema, "Mama, kununua si kuwasha." Haya, na viberiti.

Fundi nimemkataza asichungulie. Muuza duka sikumwambia kitu, Kiranja kaomba asiambiwe.

Katoka. Sikusema neno la barabara, la mkono wala la kuangalia. Nimesema, nenda. Yeye kanipapasa bega kidogo, kama mimi ndiye ninayesafiri.

Niko dirishani. Naandika ili mikono isishike kitasa.

Anashuka. Katokea chini. Anatembea vizuri, katikati ya uwanja, nguo ya bluu. Kampita paka. Kageuka kidogo kutazama juu — sikupunga, nimejificha nyuma ya pazia kama mwizi. Anaendelea. Amefika. Amepanda kile kijiwe cha dirishani.

Muuza duka katoa kichwa. Wanaongea. Mkate umetoka, nauona.

Sasa amesimama.

Mwenyewe ananivuta gauni, anataka kupanda kwenye kiti mwenyewe. Panda.

Bado amesimama. Mkate uko mbele yake, hajauchukua. Uso umeelekea ndani ya duka. Labda anachagua pipi. Labda anasubiri chenji. Labda muuza duka kaenda nyuma kutafuta viberiti. Kutoka hapa nyuma ya kichwa cha mtoto anayechagua pipi na cha mtoto aliyeganda ni kimoja! Mkono wake wa kulia umelegea. Umelegea au umeshika fedha?

Nikishuka mbio ataniona. Akiwa anachagua pipi na mimi nimetokea na uso huu, hatanisamehe. Nisiposhuka —

Kupe kasimama kwenye kochi karibu yangu. Pumzi zake kwenye kioo. Simuulizi, naogopa atakachosema. Yeye ndiye anayejua.

"Sioni macho yake," kasema.

Mimi pia sioni, baba.

Kashuka kwenye kochi. Kaenda kuchukua viatu vyake. Amekaa sakafuni, anafunga kamba, ulimi nje, sikio moja, sikio la pili. Hakuomba msaada. Moja imekaza, nyingine imelegea. Kasimama mlangoni, kiti kakisogeza, komeo kalivuta.

"Mama, niende? Nitatembea tu. Sitakimbia. Nitasema nimetaka pipi."

Peke yako?

"Peke yangu."

Mkono wake uko kwenye kitasa. Ananiangalia, anasubiri niseme. Chini nguo ya bluu haijasogea.